Athumani, niandikie uliyoyaona getini

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu Athumani,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Mama yako nilimpitia juzi, mguu umepungua uvimbe na swali lake ni lilelile, unarudi lini. Paa limeshaezekwa, fundi amebakiza kofia tu na anadai hela yake ya mwisho. Mengine tutaongea, leo nina shida moja na naona mwenye kunisaidia ni wewe.

Kamati ya fainali yetu ya mpira imekaa, na mimi wameniweka upande wa mageti. Wameamua geti la mbele peke yake ndilo litakalofunguliwa. La nyuma litiwe mnyororo na kufuli, na tiketi zote ziuzwe palepale mlangoni siku yenyewe. Wanasema vijana huzamia kwa nyuma, na mwaka jana mapato hayakutimia. Nikapinga. Mwenyekiti akanijibu kwamba tatizo ni watu wa huku, wakorofi, foleni hawaijui. Wenzetu Ulaya wamestaarabika, ndiyo maana mambo haya hayawafiki. Wote wakaitikia. Hapo nikakukumbuka wewe na Marseille.

Nataka uniandikie kwa mkono wako yaliyokukuta pale uwanja wa Vélodrome. Usinitumie sauti, nataka karatasi ya kuisoma mbele yao. Siku ile ulinisimulia kwa simu nusunusu, mara ukakatika. Ninachokijua ni kile kilichotangazwa: tarehe 9 Septemba 2023, Kombe la Dunia la raga, England na Argentina, mechi saa tatu usiku kwa saa za kwenu. Watu wana tiketi zao halali, na bado wakakwama nje, wakabanana mbele ya mageti, na wengi wakaingia mchezo umeshaanza. Tena hao ni watu wa raga, ambao mashabiki wa timu mbili hukaa kiti kwa kiti bila kutenganishwa na polisi. Uwanja wenyewe unachukua zaidi ya watu 67,000, ulaya kwenyewe. Usiku ule George Ford alifunga pointi zote 27 za England, na wapo waliolipa hela nyingi wakaukosa mwanzo. Ukorofi wao uko wapi? Wewe na wale Wangazija wako mlikuwa wakorofi?

Jana jioni nimekwenda kulitazama lile geti letu. Lina mabawa mawili ya bati. La kushoto bawaba zimekufa, halifunguki mpaka linyanyuliwe na watu wawili. La kulia linafungukia ndani, na chini yake kuna kizingiti cha zege kinachofika kwenye vifundo vya miguu. Nimesimama katikati nikatanua viwiko, vikagusa huku na huku. Ndiyo njia wanayotaka ipitishe mji mzima. Na kwa kuwa linafungukia ndani, siku watu wakitaka kutoka kwa haraka, wao wenyewe ndio watakaolisukuma lijifunge.

Wewe hukuwepo mwaka jana. Yule binti wa karanga, mtoto wa Mama Salma, alikuwa amekaa na sinia lake pembeni ya nguzo. Ndani kukapigwa kelele za bao, walionje wakasukuma. Aliye nyuma haoni kinachompata aliye mbele, Athumani, yeye anajua foleni imesogea tu. Yule mtoto akabanwa ukutani. Hakulia, maana pumzi ya kulia haikuwepo. Sinia lilikunjika kwenye mbavu zake. Kilichomwokoa ni Fundi Saidi kumwinua, akapitishwa juu ya vichwa mpaka barabarani. Kwenye kikao jambo hili halikutajwa. Kilichotajwa ni mapato.

Watu wanadhani kwenye msongamano mtu hufa kwa kukanyagwa. Wengi hufia wima. Wakizidi watano hivi ndani ya mita moja ya mraba, mwili si wako tena, unakwenda unakopelekwa, na kifua kinakosa nafasi ya kupanuka. Waingereza wameweka hesabu kwenye mwongozo wao wa usalama viwanjani: geti moja la kuzunguka lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Sasa tufanye sisi tunategemea watu 2,000, na unajua wanavyokuja: wanaswali Alasiri kwanza, halafu wote kwa mkupuo. Hata lingekuwa geti la mashine, wangehitaji zaidi ya saa tatu. Letu lina mtu mmoja wa kuchana tiketi na mwingine anayetafuta chenji.

Wangazija wako waulize kuhusu Yaoundé. Tarehe 24 Januari 2022, Cameroon na Komoro. Huku kila mtu anaikumbuka kwa Chaker Alhadhur, beki wa Komoro aliyevaa glavu kwa sababu makipa hawakuwepo, na ile frikiki ya M'Changama. Lakini nje ya uwanja wa Olembe watu wanane walikufa siku hiyo. Geti lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Mimi nikiusikia ule mnyororo wa geti la nyuma ukitajwa, nawaza hao wanane.

Na maneno huwa ni yaleyale, eti wasio na tiketi ndio waliosababisha. Uwanja wa Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989 walikufa watu 97, na mashabiki wakabebeshwa lawama mpaka mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliposema hawakuwa na kosa. Paris, fainali ya Liverpool na Real Madrid mwaka 2022, wakubwa walikimbilia kusema tiketi bandia. Ripoti huru iliyotoka mwaka uliofuata ikaiweka UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mbele kwa lawama. Na hapa kwetu, Uwanja wa Uhuru pale Dar, Machi 2021, watu 45 walikwenda kumuaga Rais Magufuli wasirudi makwao. Pale hapakuwa na kiingilio wala timu. Palikuwa na watu wengi na nafasi finyu.

Ninachoomba kwa kamati si kikubwa. Tiketi zipigwe namba, maana hizi za stationari zenye mhuri tu kila mtu anaweza kuzitoa nakala. Zianze kuuzwa Alhamisi, kwa Mzee Kombo, kwa kinyozi wa Barabara ya Kumi na Mbili, na stendi. Siku ya mechi meza ya kuuzia isogezwe mpaka kule kwenye mwembe, anayefika getini awe na karatasi ya kuchanwa tu. Mageti yote mawili yafunguliwe kuanzia saa nane, na mpira ukianza la nyuma libaki na mtu, lisitiwe kufuli. Mzamiaji akipita, apite. Kiingilio chake tutakichanga.

Mwenyekiti si mtu mbaya, unamjua. Ila hasikii mpaka aambiwe na aliyekuwepo, na wewe anakuheshimu tangu enzi za meli.

Basi niambie. Mlifika saa ngapi, na geti lenu lilikuwa umbali gani pale mlipoanza kubanwa? Kulikuwa na mtu yeyote wa kuwaambia kinachoendelea mbele, au mlisimama tu? Tiketi zilikuwa kwenye simu, sivyo. Mashine zilizisoma, au ndipo foleni ilipokwama? Watoto walikuwepo karibu yako? Ulihisi lini kwamba huwezi tena kurudi nyuma? Na mechi zilizofuata hapohapo, walibadilisha nini? Hilo la mwisho lieleze kwa kirefu, ndilo nitakaloanza kulisoma.

Kikao cha mwisho ni Jumanne ijayo baada ya Isha. Piga picha hiyo karatasi unirushie, nitaichapisha mwenyewe hapa. Na hela ya fundi usisahau, kofia isipowekwa mvua ya kwanza itaingia chumbani kwa mama.

Wasalimie Wangazija wote.

Ndugu yako,
Bakari