Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, TAMISEMI: Zahanati ya watumishi wawili haiwezi kuzalisha saa 24

Ndugu Katibu Mkuu,

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo mengi yamesimama. Tunachoandikia leo ni ukubwa wa timu iliyomo ndani. Mwongozo wa ikama (idadi ya watumishi inayotakiwa) wa 2014–2019 ulitaka zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20, lakini zipo zinazoendeshwa na wawili au watatu, na ubaoni zimeorodhesha huduma zote, leba ikiwemo.

Tupige hesabu ya leba peke yake. Wiki ina saa 168. Mtumishi akifanya saa 45, kujaza nafasi moja ya zamu kunahitaji karibu watu wanne. Weka likizo ya mwaka ya siku 28, ya uzazi siku 84, semina na safari za kupeleka ripoti wilayani: wanafika watano. Hapo bado ni mtu mmoja tu kwa zamu. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa. Mama akijifungua, huangaliwa kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo, maana ndipo hatari ya kutoka damu nyingi ni kubwa. Mkunga huyohuyo akiitwa dirishani kugawa dawa, patografu, chati ya mwenendo wa uchungu, hujazwa baadaye kwa kukisia. Mkaguzi mzoefu huijua: imenyooka mno.

Uchache wa akina mama wanaojifungua nao una hasara. Mtoto asiyepumua lazima aanze kupewa hewa kwa bagi na barakoa ndani ya dakika moja, na anayefanya hivyo mara chache kwa mwaka mkono wake husahau. Mazoezi ya mwanasesere, dakika kumi kila wiki, yangesaidia. Hayahitaji semina ya hotelini.

Chanjo hatuizungumzii mara nyingi, ingawa hapo ndipo udogo wa kituo huumiza kimyakimya. Chupa ya BCG ina dozi 20, ya surua-rubela dozi 10, na zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Akija mtoto mmoja, muuguzi anayeogopa kuulizwa juu ya upotevu humwambia mama arudi Alhamisi. Wengine hawarudi. WHO inaelekeza chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa hiyo zahanati ndogo isipimwe kwa kiwango cha upotevu cha kituo kikubwa.

Vituo vikubwa navyo si dawa ya kila kitu: mgonjwa wa presha hukutana na tabibu mpya kila mwezi, na kila mmoja huanza upya. Siku maalumu ya kliniki na tabibu yuleyule vingetosha.

Tunaomba leba ya saa 24 isitangazwe mahali penye wakunga chini ya watano. Zahanati hiyo ibaki na wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na chanjo, na kila mjamzito apangiwe mapema kituo cha kujifungulia na namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Ila zile zinazokatwa na mito wakati wa masika zisifungwe leba. Hizo ndizo zitangulie kwenye mgawo ujao wa ajira.

Wauguzi na matabibu wa afya ya msingi