Zawadi, Usiandike Neno la Siri Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Mwanangu Zawadi,

Marahaba. Umesema nisijali, antivairasi imeshaondoa kila kitu. Lakini tangu uondoke, mdogo wako Rajabu akiiwasha kompyuta ya nyumbani tu, lile dirisha jeusi linachungulia kufumba na kufumbua, kisha Chrome inafunguka yenyewe kwenye matangazo ya kamari. Kirusi hakijatoka. Na mdogo wako anataka kujazia maombi ya mkopo hapo hapo! Nimemkataza. Nawe ukija Ijumaa, nakuomba usiandike neno lolote la siri kwenye mashine ile.

Nimefungua Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopanga programu zijiwashe zenyewe. Nimekuta kazi yenye jina kama la masasisho ya Windows, inaamka kila mara mtu anapoingia na kuita faili lililofichwa ndani ya AppData, folda ya data za programu. Antivairasi yako ilifuta faili, kazi ikabaki, ikalishusha upya kutoka intaneti. Nikafuta kazi yenyewe. Asubuhi ikarudi kwa jina jingine. Basi kuna kingine kinachoirudisha, nami siendelei kuwinda. Tupige Windows upya. Ukitaka, anza na ile skani ya Defender Offline, ya antivairasi ya Windows yenyewe, inayokagua kabla Windows haijaamka, uone inavyofanya kazi. Hata ikisema safi, mimi sitaiamini.

Flashi ya kupigia Windows iwe ya GB 8 au zaidi, na uiandae huko chuoni kwenye mashine safi, si hapa. Wakati wa kusakinisha futa migawanyo yote ya diski. Tutanusuru picha na nyaraka tu. Faili za .exe zote ziachwe, na kile kifurushi cha kraki, yaani cha kuvunja leseni ya programu ya kuchorea, usikiguse kabisa. Ndiko kirusi kilikoingilia. Maelekezo yalikwambia uzime Defender kwanza, ukazima, wewe ambaye mtaa mzima unakuletea simu zake na zinapona! Mama yako anasema ningekununulia programu halali ulipoomba. Hela ya mwaka ule unajua ilikokwenda.

Maneno ya siri usingoje Ijumaa. Yabadilishe leo kwa simu, uanze na la barua pepe, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Wezi hawa huiba kuki za kivinjari, data ndogo zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti, na mwenye kuki zako anaweza kuingia bila kuulizwa neno la siri wala namba ya uthibitisho. Ukilibadilishia kwenye kompyuta ile, umewapa jipya. Na flashi uliyobebea ripoti usiichomeke kwa mwenzako yeyote.

Bati la jikoni limeshapigwa, mvua haituingilii tena. Mama anaomba zabibu, ila usinunue zile za stendi, zinauzwa ghali. Rajabu atajazia mkopo kwenye simu yangu, nimemwekea bando.

Ukishabadilisha nipigie, hata usiku.

Baba yako