Dawati moja, wazazi watatu, na bungua hakupelekewa barua

Ndugu Mhariri,

Ni zaidi ya miaka ishirini nasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki iliyopita, ile ya wazazi kutakiwa walipie madawati na vioo vilivyovunjika shuleni, ndiyo iliyonifanya niweke randa chini nitafute kalamu. Mliyemhoji alisema watoto wa siku hizi hawana uchungu na mali ya umma, nanyi mkaishia hapo. Hakuna aliyeuliza dawati lenyewe lilikuwa la mbao gani.

Mimi ni seremala, Makorora, hapa hapa Tanga. Nauliza mimi.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mwanangu wa darasa la sita alirudi na kikaratasi: mzazi alete shilingi 35,000, dawati limevunjwa. Nikamuuliza, mmelivunjaje? Akasema, "Baba, tulikaa tu." Walikuwa watatu kwenye dawati la wawili, mmoja akainama kuokota rula, dawati likalala na wao juu yake. Sikumwamini, maana na mimi niliwahi kuwa mtoto. Kesho yake asubuhi nikapanda baiskeli mpaka shuleni.

Nililikuta nyuma ya madarasa, chini ya mwarobaini, limetupwa ubavu juu ya wenzake. Nikachuchumaa kulitazama. Mguu ulikuwa umeachana na kiti palepale penye misumari, miwili, ya inchi nne, imepigwa kwenye mshipa mmoja wa mbao. Fundi yeyote anajua kwamba hapo hujaunga, umepasua. Hakuna ulimi wa kuchomeka, hakuna tundu la kuupokea, hakuna hata tone la gundi. Mbao ni msonobari, tena ile nyeupe ya pembeni mwa gogo, imerandwa upande unaoonekana tu. Nikaugonga ule mguu kwa kidole, ukamwaga unga laini kama sembe, ukajaa kiganjani. Bungua, mdudu mla mbao! Alikuwa amekula humo ndani kwa raha zake miaka na miaka, naye hana namba ya mwanafunzi wala mzazi wa kuandikiwa kikaratasi.

Unga ule nikampelekea mwalimu. Ni muungwana, simlaumu. Akaniambia, "Fundi, nakuelewa, lakini mimi nimeagizwa nikusanye." Nikamwambia basi nipeni dawati nilifunge kwenye baiskeli, keshokutwa nalirudisha na miguu mipya, sitaki hata senti. Haiwezekani, utaratibu ni fedha taslimu. Na wale wazazi wengine wawili, je? Nao kila mmoja 35,000. Hapo ndipo damu iliponipanda kichwani, Mhariri. Tatu mara 35,000 ni 105,000! Kwa fedha hiyo mimi naunda dawati jipya la mbao iliyokauka, naunga kwa ulimi, napaka vanishi, na chenji ya samaki inabaki. Serikali imepanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na humo mna vitabu, chaki na ukarabati. Sasa dawati moja lililooza limechuma ruzuku ya watoto kumi na nusu. Nililipa. Nililipa kwa sababu mwanangu alikuwa amesimamishwa nje ya darasa, wenzake wanafanya hesabu, naye anachungulia dirishani kama mwizi wa kuku. Stakabadhi niliyopewa ni kipande kilichochanwa kwenye daftari, kina neno "kapokea" na sahihi mfano wa konokono. Ninacho mpaka leo, kimo ndani ya kopo la skrubu, anayekitaka aje.

Mwezi wa kumi tukaitwa mkutano wa wazazi. Nikaingia darasani nikalikuta lile lile! Limefungwa ukanda wa bati na kuongezwa misumari miwili, kwenye mshipa ule ule. Nikalikalia makusudi. Nina kilo tisini. Likalia, nikajikaza, mama aliyekaa jirani yangu na mtoto mgongoni akasogea pembeni. Hebu niambieni, lingevunjika siku ile, nani angeletewa kikaratasi? Madawati hayo hayo sisi watu wazima tunayakalia kwenye mikutano, tunayapanda kufunga mapambo, tunayatoa nje kwa ajili ya sherehe. Jumatatu asubuhi mtoto wa kilo ishirini na tano anakalia kilichobaki.

Mgeni rasmi siku hiyo alitusomea Ibara ya 27 ya Katiba, kwamba kila mtu ana wajibu wa kulinda mali ya Mamlaka ya Nchi na mali inayomilikiwa na wananchi kwa pamoja. Akaendelea mpaka pale penye kupiga vita "aina zote za uharibifu", akafunga kitabu, tukapiga makofi. Nilipofika nyumbani nikaitafuta nikaisoma mwenyewe. Sentensi haiishii pale. Inaendelea: "na ubadhirifu".

Sisemi watoto ni malaika. Mwanangu huyu huyu aliwahi kuchonga jina lake kwenye ubao wa dawati kwa ncha ya bikari, tena kwa herufi nzuri. Nilimpa msasa, akasugua Jumamosi nzima, na la jirani yake akasugua. Mtoto akivunja kusudi alipe, na alipe kwa mikono yake. Lakini kukaa si kuvunja.

Tena msinifanye niseme habari ya mwaka 2016, ile amri ya kila mtoto akalie dawati, Bunge likatoa shilingi bilioni 6. Nia ilikuwa njema. Watoto walikuwa wanakaa sakafuni, na mimi mwenyewe niliunda madawati arobaini. Ila mbao zilikuwa zinashuka kutoka Lushoto bado zinalia maji. Mtu anakuja saa nne asubuhi, anataka kumi keshokutwa. Ukimwambia mbao ilale kivulini kwanza, anahamia kwa jirani. Jirani mwenyewe wiki iliyotangulia alikuwa anauza kuku. Na wakati huo huo tunayo mitiki ya Longuza hapo Muheza, imejipanga kwa mistari kama wanafunzi paredi, mbao ambayo bungua akiiona anapita mbali. Naiona kwenye malori. Shuleni sijaiona.

Na michango ya lazima ilifutwa mwaka huo huo wa 2016, tukaambiwa elimu bila malipo. Haya. Kuna ya mlinzi, kuna ya uji, kuna ya mitihani ya Jumamosi, kuna rimu ya karatasi, na sasa kuna ya bungua. Upepo wa kusi ulipoezua mabati mawili ya darasa la tatu, nilisubiri kwa hamu nione kusi imeandikiwa kikaratasi cha shilingi ngapi. Tulichangishwa sisi.

Mnaotaka "utaratibu" basi nawapa utaratibu. Kila dawati linaloingia shuleni lipigwe muhuri wa moto chini ya kiti, herufi za inchi moja, zisomeke: jina la fundi, aina ya mbao, mwezi na mwaka, na jina la aliyelipokea kwa niaba ya shule na kusaini kwamba ni zima. Hilo la mwisho lichomwe kwa kina kuliko mengine. Dawati likianguka kabla ya miaka mitano, linapinduliwa mbele ya wazazi, panasomwa. Kikaratasi cha kwanza kinakwenda kwa fundi. Kama fundi hapatikani, na wengi hawapatikani, kinakwenda kwa aliyesaini. Wa tatu ni bungua, akikamatwa. Wote hao wakishalipa ndipo aitwe mtoto, naye aje na msasa.

Najua litasemwa kwamba hakuna fungu la mihuri. Sawa. Chuma nitanunua mwenyewe Ngamiani, herufi nitazikata mwenyewe, na madawati ya shule ya mwanangu nitayachoma bure, Jumamosi mbili zinatosha. Shule ilete mkaa tu, gunia moja. Mimi nitawaandikia stakabadhi.

Seremala,
Makorora, Tanga