Silinda ya kushoto inazidisha petroli, na baba mdogo hataki kusikia

Fundi Mshauri, shikamoo.

Ni saa kumi alfajiri, sijapata usingizi. Ni ile pikipiki ya BMW R80 ya 1985 ya marehemu baba, silinda ya kushoto. Baba mdogo kasema ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande, zimekwisha, injini ishushwe. Nilipomwambia ni petroli inazidi, si oili, akanijibu mbele ya vijana wote wa gereji kuwa mimi ni fundi wa vitabuni. Neno hilo limenikaa kooni.

Sikubahatisha. Plagi ya kushoto inatoka na masizi makavu, yanachafua kidole kama masizi ya sufuria la kuni. Ringi zingekuwa zimekwisha, plagi ingelowa oili na moshi ungekuwa wa bluu. Huu ni mweusi. Nimehamisha plagi ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kulia, nyaya zake pia, weusi ukabaki kushoto. Chujio la hewa ni moja kwa silinda zote mbili. Lingeziba, zingekuwa nyeusi zote. Kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, nimepima injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, nyaya zimegusishwa kwenye bodi ili moto wa elektroniki usiungue, resi wazi kabisa: kushoto bar 9.4, kulia 9.6. Ringi zilizokwisha hazitoi namba hiyo.

Nikaingia kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Uzuri wa kabureta hizi za Bing, unafunga petroli tankini, unasukuma ule waya, bakuli linashuka na petroli yake unaiona. Kina ni sawa pande zote mbili. Floti, boya linalodhibiti petroli bakulini, nimeitikisa sikioni, haijaingia petroli. Diaframu, ule utando wa mpira, nzima, sindano kuu iko kwenye mfuo uleule kama ya kulia. Kilichonishtua ni skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa: nimeikaza mpaka ikagota, silinda ilitakiwa izime, nayo inaendelea kuunguruma. Basi petroli inapitia mlango mwingine. Tena barabarani ukivuta resi inatulia, ukisimama ndipo inakohoa. Hiyo ni tabia ya choki, inayoongeza petroli injini ikiwa baridi, isiyofunga.

Waya wa choki nikaulegeza, hali ikawa ileile. Nikafungua kifuniko chake ubavuni mwa kabureta. Gasketi haina kasoro. Nikamulika tochi kwenye kile kijiti cha diski inayofungua na kuziba matundu ya choki: kimeandikwa R. Kushoto kinatakiwa L! Ukifunga R upande huo, unaporudisha choki matundu yanabaki wazi. Na aliyekifunga mara ya mwisho ni baba mdogo, alikitoa kwenye sanduku la vipuri vya zamani.

Fundi, sitaki kumshinda. Ni mdogo wake baba, yeye ndiye aliyenishikisha spana. Lakini kuniita fundi wa vitabuni, mbele ya watoto ninaowafundisha mimi kuseti valvu? Nafasi ya inlet milimita 0.10, ekzosti 0.20, wanazijua kwa sababu yangu.

Jumamosi anakuja kushusha injini na ringi kashaagiza. Kijiti cha L ninaweza kukipata na kukifunga nusu saa tu. Nikikifunga kimyakimya, plagi zitatoka rangi ya kahawia zote mbili naye atajua nimemzunguka. Nikimwonyesha ile herufi, ni kama nimemvua nguo. Nimwite pembeni, au nimwachie akifungue mwenyewe akione? Usiku huu nimewaza hata nimwache ashushe, nilipe, amani irudi. Hapana, hiyo siikubali, silinda hizo hazijawahi kufunguliwa tangu baba alipoinunua. Wala siwezi kusubiri, maana kila inapowaka petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi ambazo hazijaisha zitaisha kweli, halafu ataonekana alikuwa sahihi.

Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi.