Mnawapeleka watoto wetu kuona ndege walioshaondoka

Bwana Mhariri,

Ile habari yenu ya Siku ya Ndege Wahamao nimeisoma mara tatu. Ile yenye picha ya watoto wa fulana za kijani wamepangwa mstari pale Sabaki, mto unapoingia baharini, na chini yake mkaandika kwamba watoto wa Malindi hawajali wala hawajui ndege wa kwao. Gazeti hili nalinunua tangu nilipoanza kufundisha mwaka 1983, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Nyumbani wananijua kwa kunyamaza. Safari hii nimeshindwa, kwa sababu wa tatu kutoka kushoto katika picha ile ni mjukuu wangu, na mimi mwenyewe nilikuwepo, nyuma ya mpiga picha, tangu asubuhi mpaka watoto walipopandishwa basi kurudi.

Naomba nieleze yale ambayo mwandishi wenu hakuyaona, maana alifika wakati wa chakula.

Siku hiyo huadhimishwa duniani Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, na tena Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Sina ugomvi na kalenda ya dunia. Lakini vitwitwi, sululu na wenzao, ndege wa ufuoni wanaokaa kwetu kaskazi nzima, yaani msimu wa upepo wa kaskazini, huwa wamekwisha kuondoka mwezi wa nne. Wanaenda kuzaa Siberia na pande zile za juu kabisa, ambako majira ya joto ni mafupi na anayechelewa hapati mahali wala wakati wa kulea. Kufika Mei ufuo umebaki na wachache. Kwa hiyo watoto waliletwa kuwaaga wageni walioshaondoka mwezi mzima nyuma, halafu wakaulizwa mbona hawaonyeshi hamu.

Na hata hao wachache hawakuwaona. Basi lilitoka shuleni saa mbili, likafika saa nne. Mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana. Mvuvi yeyote wa Mambrui au wa Sabaki angewaambia bure kwamba katika maji mafu, saa nne asubuhi bahari imejaa na tope lote wanakolisha ndege limefunikwa. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndipo saa kama hiyo maji yanapokuwa yamekupwa mpaka mbali. Hakuulizwa hata mmoja. Likapigwa turubai, ikawekwa meza yenye kitambaa, zikaanza hotuba. Mgeni wa kwanza, mgeni wa pili, salamu za wafadhili, salamu za aliyeshindwa kufika. Ndege walikuwa ng'ambo ya pili ya mto, mstari mweupe juu ya fungu la mchanga, na watoto 41 wameketi wakiwapa mgongo kwa sababu viti vilielekezwa mezani. Darubini ilikuwa moja. Ilikuwa imening'inia shingoni mwa mwezeshaji na sikuiona ikivuka kwenda shingo nyingine.

Saa sita kasoro, mjukuu wangu akanivuta kanzu. "Babu, sululu yule!" Kweli alikuwa sululu, peke yake, anatembea ukingoni mwa maji karibu kabisa nasi, rangi ya kahawia, mdomo mrefu umepinda kama mundu. Mtoto akasimama akaonyesha kidole mbele ya watu wote, naye ni mwenye haya sana. Mwezeshaji akamuuliza jina lake kwa Kiingereza. Mtoto hakulijua. Akaambiwa jina la Kiswahili halimo kwenye fomu wanayojaza, akae. Kisha akaambiwa, na hili nililisikia kwa masikio yangu, kwamba ndege wahamao wameshakwenda zao, huyo atakuwa ndege wa papa hapa tu. Bwana Mhariri, sululu hazai Kenya. Hajawahi kutaga yai katika nchi hii. Wanaokuja kwetu huzaa Urusi ya kaskazini na nchi za Skandinavia, na yule aliyekuwa mbele yetu mwezi wa tano alibaki kwa sababu moja inayojulikana, kwamba bado ni kijana. Wale waliozaliwa mwaka uliopita, wengi wao hawarudi na wakubwa. Hawajafika umri wa kuzaa, safari ni ndefu, basi hukaa kwetu kusi nzima, msimu wa upepo wa kusini, wakila kaa mpaka wakubwa warudi mwezi wa nane na wa tisa. Somo zima la uhamaji wa ndege lilikuwa linatembea kwa miguu yake hatua ishirini kutoka walipokaa watoto, amelitambua mtoto wa miaka kumi kwa jina alilofundishwa na marehemu baba yangu kupitia kwangu, na aliyelipwa kufundisha akalifukuza. Mjukuu wangu alikaa chini na hakunena tena mpaka nyumbani. Huyo ndiye mliyemwandika kwamba hajali.

Baada ya hapo yakaletwa magunia. Maana siku ya ndege sasa lazima iwe pia siku ya usafi. Watoto wakagawiwa, gunia moja kwa watu wawili, wakaambiwa waokote chupa na malapa, na hapo ndipo picha zilipopigwa kwa wingi. Nikasema moyoni, hizi chupa ni za nani? Mto Sabaki ndio Galana, na Galana ndio Athi, na Athi inapokea maji ya mito ya Nairobi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kweli imepungua, lakini chupa, vifuniko na viatu vinateremka kila mvua ikinyesha bara, pamoja na ule udongo mwekundu unaogeuza bahari ya Malindi kuwa rangi ya chai. Kuokota ni jambo jema na wanafunzi wangu nimewaokotesha miaka mingi. Lakini mtoto aliyeletwa kujifunza ndege, akapewa dakika zisizofika kumi za ndege na saa nzima ya taka za watu wanaokaa mamia ya kilomita kutoka kwake, huyo ametumikishwa. Na pikipiki zinazopasua vilima vya mchanga pale pale, juu ya mafungu wanayolala shakwe maji yakijaa, siku hiyo zilipita mara mbili wakati wa hotuba. Hakuna aliyezisimamisha. Watoto wangalipewa kazi ya kuandika mara ngapi ndege walirushwa na pikipiki, tungalipata habari ya maana ya kuchapa.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa juya. Hakusoma. Lakini ilipofika mwezi wa tatu alikuwa akituita ufuoni jioni, baada ya kuvuta nyavu, na kutuonyesha vitwitwi. Wale waliokuwa wa kijivu na weupe tangu kaskazi inaanza, sasa vifua vimeanza kuwa vyekundu kama tofali. "Wanavaa nguo ya safari," alisema. Wanakula usiku na mchana, wananenepa mpaka ukiwatazama wakiruka unaona uzito. Halafu jioni moja, jua likikaribia kuzama, kundi linaanza kelele ambazo hazikuwepo jana, wanainuka, wanashuka, wanainuka tena, kisha wanajipanga mstari uliovunjika katikati na kupanda juu wakielekea kaskazini, na sauti inabaki muda baada ya macho kushindwa. Baba alijua kwa hilo kwamba upepo unageuka na mvua za mwaka ziko karibu. Asilolijua ni wanakokwenda. Hilo mimi nililisoma baadaye nikiwa mlezi wa klabu ya wanyamapori shuleni, katika vile vilabu vilivyoanzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968. Nilipomwambia kwamba ndege anayeweza kumfumbata kwa mkono anakwenda mpaka nchi ya barafu, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anarudi fungu lile lile. Wengi wao hurudi. Alifurahi kana kwamba nimemletea habari za ndugu.

Elimu hiyo ndiyo ninayoitetea. Nusu yake ipo kwa wavuvi, nusu ipo vitabuni, na mtoto anazihitaji zote mbili.

Wala si jambo lisilowezekana. Nairobi kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi tangu mwaka 1971, yakianzia Makumbusho, na walioyashika hawakungoja siku ya dunia wala turubai. Hapa kwetu tazameni hori la Mida, kusini mwa Malindi. Pale kuna daraja la mbao na kamba linalopita kwenye mikoko mpaka kibanda cha kutazamia, na ada ya wageni inasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Vijana wanaotembeza wageni Mida hukuuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Wanajua kwamba maji yakianza kurudi ndege husukumwa taratibu kuja kibandani. Wanajua yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa, kwamba akiondoka mwezi wa nne anakwenda pwani za Uarabuni na Uajemi kuchimba shimo mchangani na kutaga yai moja, akiacha mchanga wenye joto umsaidie kuatamia. Mtoto akisikia habari hiyo huku anamwona ndege mwenyewe, hahitaji fulana.

Sasa, kwa wanaopanga hafla ijayo, nasema hivi. Fanyeni mwezi wa tatu, kabla shule hazijafungwa. Chagueni siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu, ambapo maji hukupwa kiasi cha saa mbili asubuhi, watoto wawe wameshafika hapo, na mkae nao mpaka saa nne maji yakirudi. Kama siku hiyo itaangukia Jumatano, iwe Jumatano. Bahari haifuati Jumamosi. Watoto wasizidi ishirini. Darubini moja kwa watoto wanne, na kila mmoja aishike mwenyewe. Wavuvi wawili watu wazima, mmoja wa Sabaki na mmoja wa Mambrui, walipwe posho ile ile anayolipwa mwezeshaji. Fomu iwe na safu tatu: jina la Kigiriama, la Kiswahili na la Kiingereza, na mtoto aanze na lolote analolijua. Magunia yabaki stoo. Hotuba ziandikwe ubaoni shuleni Ijumaa yake. Na kama lazima mfanye tena mwezi wa tano, basi waonyesheni ndege wa Madagaska, wale wanaoruka kama mbayuwayu wakubwa, ambao huanza kutufikia kaskazi ikiisha na kukaa hapo Sabaki kwa maelfu mpaka warudi kwao kuzaa. Hao ni wahamaji pia. Siku ile hawakutajwa hata kidogo.

Nanyi gazetini, naomba mtume mwandishi tena. Aje jioni, mwishoni mwa mwezi wa tatu, avae viatu vya kulowa. Mjukuu wangu amekubali kumwonyesha sululu, ila amesema atamtaja kwa jina lake.

Mwalimu mstaafu,
Mambrui