Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti ya Mombasa: nani aliumizwa?

Mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Mimi ni mpaka hina wa Majengo, kazi niliyorithi kwa mama. Harusi za mji huu naziona kutokea chumbani kwa biharusi, na waimbaji wetu nawajua kabla hawajashika kipaza sauti. Nakuandikia kwa ajili ya mmoja wao. Jina lake sitalitaja, ametajwa vya kutosha.

Siku ya kupamba, ile sherehe ya kumpamba biharusi, kama ujuavyo, ukumbi huwa wa wanawake pekee. Simu huachwa mlangoni, mabuibui hutundikwa, mtu akajiachia kwa kuwa yuko na wenziwe. Siku hiyo dada huyu alikuja mapema, akakaa mkekani karibu yangu nikimpaka biharusi piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Ameshika chupa ya maji ya tangawizi, akinywa funda moja moja, huku aniuliza jina la mamake biharusi na la nyanyake apate kuwatia kwenye wimbo. Alipoimba, nyanya yule, ambaye miguu yamsumbua miaka, aliinuka kitini akaenda mwenyewe kumtunza. Alimtia noti ya mia mkononi, akabaki ameushika mkono ule akilia. Ukumbi mzima vigelegele.

Kumbe kuna aliyeingiza simu kwa siri. Usiku ule ule video ikazagaa WhatsApp, na hakuwamo nyanya wala machozi yake: alikuwamo mwimbaji akicheza, nywele wazi. Kufikia Ijumaa jina lake lilikuwa "skendo". Baada ya wiki chache waandaaji wa tamasha moja wakamfuta kwenye orodha, wakasema tabia yake haifai mbele ya familia. Aliyerekodi hakuulizwa na mtu. Kijana aliyeisambaza, akatia na matusi yake juu, amezidi kupata wafuasi. Nimemwona kwa macho yangu akiitwa emsii.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Neno hili skendo tumelitwisha mizigo miwili isiyofanana. Kuna mambo ya mtu na nafsi yake: kaachwa, kaolewa tena, kavaa hivi, kagombana na mwenziwe mtandaoni. Na kuna dhulma: mtu kapigwa, mtoto kaharibiwa, mwanamuziki kanyimwa ujira wake. Nyimbo za R. Kelly, mwimbaji wa Marekani, tulizicheza hata kwenye harusi za huku. Habari zake za kuwadhulumu wasichana zilisemwa miaka na miaka, wengi wetu tukaziweka fungu moja na porojo za mastaa, mpaka mahakama ya Marekani ilipomtia hatiani mwaka 2021 na mwaka wa pili yake ikamfunga miaka 30. Hebu wafikirie wasichana waliokuwa wakingoja kusikilizwa muda wote huo. Tukichanganya mambo haya, mwenye kuumiza watu hupata pa kujificha: nyuma ya mwanamke aliyeonekana nywele.

Sisemi tabia haina maana. Nina binti wa miaka 14, naye huiga kila kitu cha wasanii, mtandio, lafudhi, hata namna ya kununa. Nataka kujua anayemwimbia anawatendea watu vipi. Lakini binti huyo huyo, maneno ya Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, asiyofundishwa skuli ameyapata kwenye taarabu za marehemu Juma Bhalo, akija jikoni kuniuliza moja moja, mama, hili lina maana gani. Kitabu cha mashairi hakigusi.

Na nyanya zetu walikuwa na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba, Unguja, aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alichekwa kwa sura yake na kwa asili yake. Ndiye huyo aliyemwimba Kijiti, muuaji wa mwanamke mwenye mimba, aliyetoroka akaacha mashahidi wakitiwa gerezani. Wimbo ule ulishika kesi ambayo mahakama iliiharibu, na mpaka leo watu wazima wa pwani wanaijua. Lau wakubwa wa mji wangewafuata waliomcheka, nani angelisimulia lile jambo?

Mheshimiwa, Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imewapa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Basi jukwaa liko mikononi mwako. Naomba liandikwe sharti, na kila mwandaaji anayeomba kibali chenu alitie sahihi: msanii asifutwe kwa tetesi wala kwa video ya kuibwa, na kabla ya uamuzi wowote aitwe asikilizwe. Anayeshtakiwa kwa kuumiza mtu akae pembeni hadi mahakama iseme. Na mwenye kusambaza faragha za watu, ambazo Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinazilinda, asipewe kipaza sauti kwenye shughuli ya kaunti. Awe na wafuasi wangapi.

Dada yule bado aimba. Juzi alikuwa kwenye kupamba Kisauni, nami nilikuwapo na kibakuli changu cha hina. Safari hii aliimba ameketi, buibui hakulivua, macho yake mlangoni kila unapofunguliwa. Nambari yake ninayo. Ofisi yako ikiitaka, nitaileta mwenyewe.

Wako,
Mpaka hina, Majengo