Intaneti ikisuasua, kagua chaneli kabla ya kuongeza kifurushi

Mhariri,

Kwenye maghorofa ya Kariakoo au Sinza karibu kila mlango una ruta yake, na intaneti ikisuasua usiku watu huongeza kifurushi. Kabla ya kutoa hela, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, upime kasi. Ikiwa kwa waya ni nzuri na kwa Wai-Fai ni mbovu, kifurushi hakina kosa.

Huenda tatizo ni msongamano wa chaneli, yaani njia ambazo ruta hurushia mawimbi. Masafa ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa na Wai-Fai nyingi, yana chaneli 13 (Marekani hutumia 11). Zimeachana megahezi 5 tu, ilhali ruta moja hutumia megahezi 20 au zaidi kidogo. Ndiyo maana mafundi hung'ang'ania 1, 6 na 11: hizo hazigusani. Wengi hupakua programu ya kupima mawimbi, wakaona 3 haina mtu, wakahamia. Kosa! Ruta za chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Aliye kwenye 3 huwapigia kelele wa 1 na wa 6, nao humpigia yeye. Hakuna anayemwelewa mwenzake, data zinaharibika na kutumwa upya. Heri kushiriki chaneli 6 na majirani wawili wenye mawimbi hafifu.

Pima mawimbi kwa programu hiyo saa mbili usiku, ukiwa pale unapokaa na simu. Tumia Android, kwani iPhone haziruhusu programu nyingi kuorodhesha mitandao ya jirani. Usihesabu ruta tu, tazama nguvu ya mawimbi kwa dBm (namba ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa): −50 ni jirani wa kuogopwa, −85 mpuuze. Kisha fungua kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ingiza nywila ya msimamizi (si ile ya Wai-Fai), uondoe uchaguzi wa chaneli wa otomatiki, maana baadhi ya ruta huchagua zinapowashwa tu, kisha uchague mwenyewe 1, 6 au 11. Upana wa chaneli uweke megahezi 20. Ukiweka 40 unameza karibu nusu ya masafa yote, na majirani watakurudishia.

Maikrowevu hutoa kelele karibu na megahezi 2450, hivyo 6 na 11 huumia zaidi. Sogeza ruta mbali na jiko.

Kama ruta ina gigahezi 5, hamishia huko televisheni na kompyuta, ukianza na chaneli 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 ni masafa ya pamoja na rada: ruta lazima isikilize angalau dakika moja kabla ya kurusha, na ikisikia rada inahama, hata katikati ya mpira.

Fundi mitandao,
Dar es Salaam